Sikio la mzamiaji: mwasho wa siku ya tatu, tundu lililofunga siku ya sita

Kwa nini kisa hiki

Anayejifunza kuzamia hufundishwa kwa saa nyingi kuhusu ugonjwa wa mgandamizo (viputo vya gesi mwilini mzamiaji anapopanda haraka) na namna ya kutoishiwa hewa, na ndivyo inavyopasa. Lakini katika safari za siku nyingi, kinachomkalisha mtu sitahani huku wenzake wakishuka majini ni sikio, tena mara nyingi mno. Ngozi ya tundu la sikio inalowa toka asubuhi mpaka usiku, inalainika, inakwaruzwa, kisha vijidudu vinapata pa kuingilia.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu wahusika walikuwa watu makini na dawa ya kinga walikuwa nayo. Wazamiaji wawili waliitumia chupa ile ile ndani ya meli ile ile. Mmoja alimaliza safari masikio yakiwa mazima. Mwingine dawa hiyo ilimuunguza, na siku ya saba nikapigiwa simu kuombwa ushauri wa tiba. Maelezo yanayoweza kumtambulisha mtu, chombo au mahali yameondolewa, na mhusika mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe.

Mzamiaji na safari yake

Mhusika ni mwanamke wa miaka 30 na kitu, mwenye afya njema. Hana kisukari, hajawahi kupasuliwa sikio, na ni mzoefu wa kuzamia. Safari ilikuwa ya siku 10 melini, mbizi tatu hadi nne kwa siku, kwenye maji ya joto.

Kabla hajapanda meli, mambo matatu yalikuwa yameshaandaa njia. La kwanza, siku mbili kabla ya safari alikwenda kusafishwa masikio, nta yote ikatolewa kwa kupigwa maji, ili masikio “yafunguke” na asipate taabu ya kusawazisha presha, yaani kulinganisha presha ya ndani ya sikio na ya maji anaposhuka. La pili, alikuwa na mazoea ya siku nyingi ya kuchokora masikio kwa vijiti vya pamba kila anapotoka kuoga. La tatu hakulichagua yeye: tundu lake la kulia ni jembamba kuliko la kushoto, na maji yakiingia humo hukawia kutoka.

Alikuwa pia na chupa ndogo aliyoichanganya mwenyewe, siki nyeupe na spiriti (alkoholi ya kusafishia ngozi) nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unajulikana sana kwa wazamiaji, na una mantiki: siki inarudisha hali ya uasidi kwenye ngozi ya tundu, spiriti inasaidia maji kukauka. Mwenzake wa mbizi alikuwa akiazima chupa hiyo kila jioni.

Siku kwa siku

Siku mbili za kwanza hakukuwa na shida. Nyuma ya meli palikuwa na pipa la maji yasiyo na chumvi, ambamo kila mtu alichovya miwani, kofia na suti yake baada ya mbizi. Yeye alichota kikombe humo humo akajimwagia masikioni kuondoa chumvi. Maji ya pipa yalibadilishwa asubuhi tu. Jioni alitia matone mawili ya dawa yake katika sikio la kulia, akainamisha kichwa kwa pumzi chache, akapangusa, akaenda kula. Sikio la kushoto hakulitia chochote, maana halikuwahi kumsumbua.

Siku ya tatu, baada ya mbizi ya mwisho, sikio la kulia lilianza kuwasha. Akachukua kijiti cha pamba. Mwasho ukatulia, ukarudi, akachokora tena. Usiku alilala na visikilizio vya kuchomeka masikioni ili asisikie ngurumo ya injini.

Siku ya nne mwasho ulikuja pamoja na hisia ya sikio kuziba. Alidhani hajasawazisha presha vizuri, kwa hiyo kila aliposhuka alibana pua na kupuliza kwa nguvu kuliko kawaida yake. Alifanya hivyo mbizi zote za siku hiyo. Jioni alimweleza kiongozi wa mbizi, naye akamjibu kwa nia njema: “Dada, hayo ni maji yamebaki. Tia dawa yako ulale ubavu.” Akatia. Ilichoma mpaka machozi yakamtoka. Wote wawili walichukulia kuchoma kule kuwa dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Siku ya tano aliamka akishindwa kutafuna upande wa kulia. Kiongozi alimkalisha, akabonyeza kwa kidole kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, kisha akalivuta sikio taratibu kwenda juu na nyuma. Mzamiaji aliruka kwa maumivu. Upande wa kushoto hakuhisi kitu. Kiongozi akamwambia hatazamia siku hiyo.

Siku ya sita ilikuwa ya mbizi ambayo wote waliingoja tangu mwanzo wa safari. Mzamiaji alikunywa dawa ya maumivu asubuhi, akajisikia nafuu, akamfuata kiongozi: “Kaka, moja tu, wala sizidi mita 10.” Mgeni mwingine akampa vizibo vya masikio vya kuogelea. Kiongozi alivikataa vizibo, lakini akaruhusu mbizi moja fupi ya kina kidogo, mwenzake akiwa karibu.

Kwenye mita 6 hivi walikutana na tabaka la maji ya baridi. Maumivu yalipanda ghafla na dunia ikaanza kumzunguka. Alimshika mwenzake mkono, akakamata kamba ya nanga, akatulia bila kupanda mbio. Kizunguzungu kilipungua baada ya dakika moja hivi, wakapanda taratibu. Jioni tundu lilikuwa limefungwa na uvimbe, majimaji ya manjano yakitoka, na upande ule akisikia kwa mbali tu. Usiku ule hakulala.

Maamuzi ya siku ya saba na sababu zake

Nilipopigiwa simu, jambo la kwanza lilikuwa kujua ni sehemu gani ya sikio inayougua. Sikio la nje (hadi kwenye ngoma), la kati (nyuma ya ngoma) na la ndani (la usikivu na usawa) yote huweza kuumizwa na kuzamia, na tiba zake hazifanani. Maumivu yalianza polepole akiwa sitahani, hayakuanza ghafla akiwa anashuka. Yalianza kwa mwasho. Sikio likivutwa linauma. Hayo yote yanaelekeza kwenye tundu la nje. Jeraha la presha katika sikio la kati huanza wakati wa kushuka, nalo kwa kawaida halifanyi kuvuta sikio kuume.

Kile kizunguzungu, hata hivyo, hakikuwa cha kupuuzwa. Niliuliza kama kimerudi, kama kuna mlio ndani ya sikio, kama ana homa, kama uso umekengeuka upande mmoja, kama nyuma ya sikio pamevimba. Majibu yote yalikuwa hapana. Kisha nikamwomba kiongozi amwambie avume kwa sauti ya chini akiwa amefunga mdomo, aseme sauti anaisikia zaidi upande gani. Aliisikia kulia, upande wenye ugonjwa. Hilo lilinipa faraja. Sikio lililoziba tu huisikia sauti ya mwenyewe kwa nguvu zaidi, ilhali sikio la ndani likiwa limeumia, sauti huhamia upande mzima. Ni kipimo cha sekunde chache, hakihitaji kifaa, na ningependa kila kiongozi wa mbizi akijue.

Jambo la pili lilikuwa dawa. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na chupa mbili za matone ya sikio. Moja ilikuwa na antibayotiki ya neomisini, nyingine antibayotiki ya siprofloksasini pamoja na deksamethasoni ya kupunguza uvimbe. Zote hutibu maambukizi ya sikio la nje, lakini ngoma ya sikio ilikuwa haionekani kwa sababu ya uvimbe, na mgonjwa alikuwa ametoka kwenye mbizi iliyomletea maumivu ya ghafla na kizunguzungu. Nisingeweza kuapa kwamba ngoma haijatoboka. Neomisini ikipenya kwenye tundu la ngoma inaweza kudhuru sikio la ndani, na madhara hayo hayarudi nyuma. Tukachagua chupa ya pili.

Mgeni mmoja alikuwa na vidonge vya amoksilini na alitaka kusaidia. Nilishukuru, nikakataa. Kijidudu kinachosababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya, *Pseudomonas aeruginosa*, amoksilini haikiui. Isitoshe, matone yanayofika kwenye ngozi yenyewe hupeleka dawa nyingi mahali panapohitajika kuliko kidonge kinavyoweza. Vidonge vina nafasi yake ugonjwa ukiwa umevuka tundu la sikio, au mgonjwa akiwa na kisukari au kinga dhaifu ya mwili, na hapo huchaguliwa dawa nyingine.

Siki na spiriti vikakomeshwa palepale. Kwa maumivu alipewa ibuprofeni na parasetamoli kwa saa maalumu, bila kungoja mpaka ayashindwe. Maumivu ya ugonjwa huu ni makali kuliko watu wanavyodhani, na kumwambia mgonjwa avumilie ni kumwonea. Kuoga aoge, ila sikio likiwa limezibwa kwa pamba iliyopakwa vaselini.

Lililobaki ni kama meli igeuze mara moja. Bandari ilikuwa karibu kufikiwa kesho yake kwa ratiba ya kawaida. Tulikubaliana meli iendelee, na igeuze bila kuniuliza iwapo itatokea homa, uvimbe nyuma ya sikio, uso kulegea upande mmoja, au kizunguzungu kurudi akiwa ametulia.

Matokeo

Siku ya nane alifika kliniki. Uchafu ulifyonzwa chini ya darubini, ukaingizwa utambi mwembamba unaonyonya matone na kuyafikisha ndani, kwa kuwa uvimbe haukuacha hata njia ya tone moja. Ndani ya siku mbili maumivu yalishuka sana na utambi ukatoka wenyewe uvimbe ulipopungua. Hapo ndipo ngoma ilipoonekana: nzima, nyekundu kidogo. Aliendelea na matone siku saba zaidi. Usikivu ulirudi wote.

Hakurudi majini kwa kuhisi tu kwamba amepona. Alirudi baada ya wiki tatu, tundu lilipokaguliwa na kuonekana kavu, ngozi imefunga na nta imeanza kutengenezwa upya. Mwenzake alizamia siku zote 10 bila hata mwasho.

Uchambuzi: kilichoharibika ni ngozi

Melini wengi walisema maji ya pale ni machafu. Inawezekana maji fulani yakawa na vijidudu vingi kuliko mengine, na mtu asizamie karibu na mdomo wa bomba la maji taka. Lakini watu wote wa meli ile walizama katika maji yale yale. Kabla ya kuilaumu bahari, tazama ngozi.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Theluthi ya nje ni ya gegedu, ina ngozi nene kiasi, vinyweleo na tezi za nta. Theluthi mbili za ndani zimezungukwa na mfupa, na ngozi yake ni nyembamba sana, imelala karibu moja kwa moja juu ya mfupa. Ndiyo sababu uvimbe mdogo tu huko ndani unauma mno: hauna pa kutanukia. Nta hufunika ngozi hiyo, na maji huteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Ina uasidi kidogo ambao bakteria wengi hawaupendi. Ngozi yenyewe husogea polepole kutoka kwenye ngoma kuelekea nje, ikibeba nta kuukuu na uchafu. Sikio zima hujisafisha bila msaada wa mtu.

Sasa mtazame mzamiaji wetu. Nta iliondolewa yote siku mbili kabla ya safari, hivyo aliingia majini akiwa hana ulinzi. Kama ngoma ilifichwa na nta na ilibidi itolewe, kazi hiyo ingefanywa wiki mbili au zaidi kabla ya kusafiri. Kisha ngozi ikalowa kwa siku tatu mfululizo. Ngozi iliyolowa muda mrefu huvimba, huwa laini, na uasidi wake hupungua. Ikija kuguswa na kijiti cha pamba katika hali hiyo, inachubuka. Michubuko ile haionekani wala haitoi damu, lakini *Pseudomonas* na *Staphylococcus aureus* zinatoshewa nayo. Visikilizio vya usiku vikafungia unyevu ndani kwa saa ambazo sikio lingeweza kukauka.

Pipa la nyuma ya meli siwezi kulitia hatiani, wala siwezi kuliachia huru. *Pseudomonas* huishi vizuri kwenye maji yaliyotuama, mirija na matangi, na pipa linalochovywa vifaa vya watu wote kutwa nzima ni makazi mazuri kwake. Kuosha masikio kwa maji yasiyo na chumvi si vibaya, ila yawe maji safi ya kunywa, na yafuatwe na kukausha. Pipa la vifaa libaki la vifaa.

Uchambuzi: dakika tano

Hapa ndipo penye tofauti kati ya wale wawili, na ndipo ningependa msomaji akae zaidi.

Mwenzake alilala ubavu kila jioni, akajaza tundu, akatazama saa dakika tano kamili, kisha akageuka upande wa pili na kufanya vivyo hivyo. Alifundishwa hivyo na mkufunzi wake wa kwanza na hakuwahi kuuliza kwa nini. Mhusika wetu alitia matone mawili kwa pumzi chache, sikio moja tu. Kwa hesabu ya chupa, wote wawili “walitumia dawa”.

Dakika tano zina historia. Wazamiaji wanaoishi siku nyingi ndani ya vyumba vya mgandamizo, vyenye presha kama ya kina wanachofanyia kazi, penye joto na unyevu usiokauka, walisumbuliwa sana na maambukizi haya. Mwaka 1974 daktari Edward Thalmann wa Jeshi la Majini la Marekani aliandika mpango wa kinga kwa ajili yao: matone yenye asidi ya asetiki asilimia 2 ndani ya asetati ya alumini, yakae dakika tano zilizopimwa kwa kutazama saa katika kila sikio, asubuhi na jioni na baada ya kutoka majini. Mwongozo wa uzamiaji wa jeshi hilo bado unasisitiza muda upimwe kwa saa. Asidi hailoweshi na kuondoka. Inahitaji kukaa juu ya ngozi iliyojaa maji mpaka uasidi urudi, na tone linalomwagika mara tu linapoingia halijafanya lolote zaidi ya kulowesha tena.

Mtu mmoja aliyepona si ushahidi wa kutosha. Huenda mwenzake ana matundu mapana yanayokauka upesi, na hakutumia vijiti vya pamba. Hata hivyo namna yake ya kutumia dawa ndiyo inayokubaliana na jinsi dawa inavyofanya kazi.

Kisha kuna wakati. Matone ya siki na spiriti ni kinga kwa ngozi nzima. Juu ya ngozi nzima husikika ubaridi, pengine mchomo mdogo wa kupita. Yakichoma mpaka machozi, ngozi imeshafunguka na muda wa kinga umekwisha. Usiku wa siku ya nne, mchomo ule ulikuwa ujumbe ulio wazi kuliko yote katika safari nzima, nao ulisomwa kinyume. Laiti angeacha matone na kukaa kavu siku mbili kuanzia hapo, nadhani siku ya saba angekuwa majini.

Uchambuzi: kupuliza kwa nguvu

Alipohisi sikio limeziba alidhani ni presha. Ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa mzamiaji amezoeshwa kuwa sikio lililojaa hutibiwa kwa kupuliza. Lakini sikio lililoziba kwa sababu ya kutosawazisha huziba unaposhuka. Likibaki limeziba ukiwa umekaa sitahani unakunywa chai, na linawasha, tafuta sababu nyingine.

Kupuliza kwa nguvu hakupunguzi uvimbe wa ngozi ya nje hata kidogo, na kuna hatari yake. Presha inayopanda ghafla hupita hadi kwenye utando mwembamba wa sikio la ndani na unaweza kupasuka, mtu akabaki na mlio, kizunguzungu na usikivu uliopotea. Kila mita 10 za maji huongeza angahewa moja, hivyo badiliko kubwa zaidi kwa uwiano lipo kwenye mita za mwanzo kabisa. Hapo ndipo pa kusawazisha mapema, mara nyingi, kwa upole. Isipofunguka, panda mita moja ujaribu tena.

Uchambuzi: mbizi ya siku ya sita

Katika maamuzi yote ya safari hii, hili moja ndilo ningeligeuza bila kusita. Namwelewa kiongozi. Mbele yake alikuwa na mtu aliyesafiri mbali, aliyeonekana yu mzima, aliyeomba kwa adabu kitu kinachoonekana kidogo. Mita 10 zilionekana kama njia ya katikati. Kwa sikio la nje lililovimba, njia hiyo haipo.

Tundu linapofungwa na uvimbe, hewa kidogo hubaki imenaswa kati ya uvimbe na ngoma. Mtu akishuka, presha ya nje na ile ya sikio la kati huongezeka, lakini ile hewa iliyonaswa haina jinsi ya kupata presha hiyo. Ngoma huvutwa kuelekea nje, ngozi inatoka malengelenge ya damu, na ngoma inaweza kupasuka. Ndiyo sababu hiyo hiyo inayofanya vizibo vya masikio vya kawaida viwe marufuku katika kuzamia, na kiongozi alifanya vyema kuvikataa. Kofia inayobana sana huweza kuleta matokeo hayo hayo, kwa hiyo iachie kidogo maji yaingie masikioni kabla ya kushuka.

Kizunguzungu nacho kina maelezo. Maji ya baridi yaliingia sikio la kushoto lililo wazi yakakwama nje ya lile la kulia. Mifereji ya usawa ya sikio la ndani ikapozwa upande mmoja tu, na ubongo ukatafsiri tofauti hiyo kuwa mzunguko. Hupita joto likilingana. Lakini mtu anayezungukwa na dunia chini ya maji anaweza kutapika ndani ya kidhibiti cha hewa (kifaa cha mdomoni cha kupumulia) au kupanda mbio akiwa ameshika pumzi, na hapo ndipo vifo hutokea. Huyu aliokolewa na utulivu wake na mkono wa mwenzake.

Dawa ya maumivu aliyokunywa asubuhi iliuficha mwili usimwonye. Nafuu iliyoletwa na kidonge haihesabiki kuwa kupona.

Yaliyofanyika vizuri

Kiongozi kubonyeza kinundu na kuvuta sikio siku ya tano lilikuwa jambo zuri sana. Bila kifaa chochote alitenganisha sikio la nje na la kati, na kama uamuzi wa siku hiyo ungesimama, kisa kingeishia hapo. Sanduku la dawa lilikuwa na matone salama kwa ngoma isiyoonekana. Walipiga simu wakiwa na maelezo ya siku baada ya siku yaliyoandikwa kwenye daftari la mbizi, na hilo liliokoa muda wa kubahatisha. Mwenzake wa mbizi hakumwacha hata hatua moja.

Utaratibu alioondoka nao

Vijiti vya pamba hasafiri navyo tena. Nta haiondolewi karibu na safari. Baada ya kila mbizi anainamisha kichwa kila upande na kuvuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke na maji yatoke, anasuuza kwa maji safi ya kunywa, anakausha sikio la nje kwa taulo. Penye umeme anatumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini kabisa, ikiwa umbali wa mkono. Jioni, na kila asubuhi kabla ya mbizi ya kwanza, matone ya asidi, masikio yote mawili, dakika tano kila upande, saa ikiwa mbele yake. Nilimshauri anunue matone ya asidi ya asetiki ya duka la dawa badala ya kuchanganya mwenyewe, kwa kuwa spiriti ikitumiwa siku nyingi hukausha baadhi ya ngozi mpaka zinapasuka. Kuna wazamiaji wanaopaka tone la mafuta safi kabla ya kushuka ili kufidia nta. Sioni ubaya wake kwa ngozi nzima, ila hakuchukui nafasi ya kukausha baadaye.

Mwasho ukianza, anapumzika siku nzima bila kulowesha sikio na bila kuligusa. Sikio likiuma linapovutwa, hazamii, haijalishi kina wala mbizi gani inayongoja, na anatafuta tiba siku hiyo hiyo. Sharti hili amelisema mapema kwa mwenzake wa mbizi, akampa mamlaka ya kumzuia. Katika safari iliyofuata, ya siku nyingi kama ile, alipata mwasho mara moja. Alikaa kavu siku moja, akaendelea.

Wasiohusika na utaratibu huu

Matone ya siki, ya asidi au ya spiriti hayafai kwa mtu mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio, mwenye mirija iliyowekwa kwenye ngoma, aliyefanyiwa upasuaji wa sikio, au ambaye sikio lake linatoa usaha au damu. Asiyejua hali ya ngoma zake akaguliwe kabla ya safari.

Mwenye kisukari au kinga dhaifu asingoje hata siku moja sikio likianza kuuma. Kwake maambukizi haya yanaweza kuingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu. Maumivu makali ya usiku yasiyolingana na uvimbe unaoonekana, au uso unaolegea, ni dharura ya hospitali. Na kwa yeyote anayetibiwa kwa matone, kama hakuna nafuu ndani ya saa 48 hadi 72, arudi akakaguliwe. Huenda matone hayafiki ndani, au kinachoota humo ni fangasi, ambao dawa za bakteria huwanenepesha.